Mwiku wa Chiriku

Kibakuli kilikuwa cha plastiki ya kijani, kifuniko chake kimepasuka pembeni na kukazwa kwa ukanda wa mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Kila asubuhi kilitoka nyumbani kimejaa, na kila alasiri kilirudi kimejaa. Siku hiyo Mwalimu, ambaye ndiye aliyekijaza, alikifungua juu ya meza ya jikoni, akakitazama kilichomo, nacho kikamtazama.

"Chiriku!"

"Abee, Babu."

"Chakula hiki kimekwenda shule kufanya nini? Kusoma?"

Mtoto hakujibu. Hilo peke yake lilikuwa jambo la kutia hofu, kwa maana hakupewa jina la ndege yule mpiga kelele bila sababu. Tangu alipojua kutamka alikuwa akizungumza na watu, na kuku, na viatu vyake mwenyewe, na alipokosa wa kuzungumza naye alijibishana na redio. Sasa alisimama mlangoni na mkoba mgongoni, akikwaruza ukuta kwa kidole, kimya kama mtungi.

Mwalimu alikuwa amestaafu ualimu mkuu, lakini ualimu haukuwa umemstaafu yeye. Hata kumenya viazi alivimenya akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni. Jikoni alikuwa ameingia kwa kulazimika. Binti yake, Mama Chiriku, alikuwa fundi cherehani katika karakana ya sare za shule, na basi la wafanyakazi lilimchukua kabla jua halijaamka. Mumewe alikuwa ameachishwa kazi na kwenda kutafuta nyingine mbali. Ikabaki kwamba mtu wa kumfungia mtoto chakula cha mchana ni babu yake, naye alilipokea jukumu hilo kama alivyoyapokea majukumu yake yote: kwa kunyoosha mgongo.

Fedha ya nyumba ile ilifika mwisho wa mwezi ikiwa inachechemea. Kwa hiyo chakula cha mchana cha Chiriku kilikuwa kile kilichobaki usiku. Asubuhi Mwalimu aliupasha moto wali, akaupakua kwa mwiko, akaumwagia maharage, kisha akaushindilia kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu, akafunika ukiwa bado unatoa mvuke. Ilipofika saa ya kula, jasho la kifuniko lilikuwa limedondoka juu ya wali, maharage yameupaka rangi ya matope, na kile kilichokuwa chakula kimekuwa udongo wa kufyatulia matofali. Mwalimu hakuliona tatizo. Yeye alikuwa mtu wa kanuni mbili tu za mezani: sahani imalizwe, na uongo usisemwe. Uzuri wa chakula haukuwahi kuingia katika mtaala wake.

Jioni ile Mama Chiriku alirudi, akavua viatu, akaketi bila hata kuomba maji.

"Baba, mwalimu wa darasa ameniita."

"Amesemaje?"

"Mtoto analala mezani mchana. Analala kabisa, anakoroma. Hali kitu tangu asubuhi."

"Nakiona kibakuli. Kinarudi kama kilivyokwenda."

"Basi nimefikiri." Alikuwa akikwepa macho ya baba yake. "Mkahawa wa shule unapika. Akijiunga na mkahawa atakula kama wenzake."

"Mkahawa haupiki kwa shukrani. Unataka fedha."

"Msimamizi wetu ananitaka nishone na Jumapili. Nikikubali, fedha ya mkahawa imepatikana. Anataka jibu mwisho wa mwezi."

Jikoni kikombe kiligongana na kingine, kisha kukawa kimya. Chiriku alikuwa ameacha kuosha vyombo.

Lazima ieleweke Jumapili ilikuwa nini katika nyumba ile. Siku nyingine karibu zote mama na mtoto walionana wakiwa na usingizi, mmoja akitoka na mwingine akiingia. Jumapili mama alikaa kwenye kigoda, Chiriku akaketi chini katikati ya magoti yake, kitana kikaanza kazi. Nywele zilichukua mchana mzima, kwa sababu maneno yalichukua mchana mzima. Habari zote za wiki, nani kaanguka, nani kalia, nani kaja na soksi za rangi mbili, zilitunzwa kwa ajili ya saa hiyo. Mtoto yule hakuwa na mali nyingine.

"Usimpe jibu bado," akasema Mwalimu. "Niachie mimi kibakuli hiki."

"Baba, kupika kwenyewe umeanza juzi."

"Na kufundisha nilianza siku niliyoingia darasani. Niachie."

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa jirani yake muuza mboga, mwanamke mnene wa kicheko, ambaye meza yake ilikuwa mbele ya nyumba hatua chache tu kutoka kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nipe karoti. Zile zilizopinda, za kapu la chini."

"Ehe! Wewe uliyekuwa ukituchapa kwa mwandiko wa kupinda, leo unataka karoti za kupinda?"

"Karoti haifanyi mtihani. Na za kupinda ni rahisi."

"Chukua na kitunguu hiki, kimechubuka upande mmoja. Utakata, utatupa."

"Nitakata. Sitatupa."

Yaliyofuata jikoni hayakuwa mapishi, yalikuwa utafiti. Mwalimu alikuna karoti, akaichanganya na wali wa jana, akavunja yai moja, akatia chumvi, akafinyanga vidonge vya kiasi cha kiganja cha mtoto, akatia vitatu vya kwanza kikaangoni. Vidonge vikasambaratika kama darasa lililosikia kengele. Akavila mwenyewe, kwa mujibu wa kanuni ya kwanza. Vilivyobaki alivichanganya upya na kijiko cha unga ili wali ushikamane, akaacha mafuta yapate moto sawasawa, naye hakuvigeuza mpaka vilipojiachia vyenyewe. Safari hii vilitoka vya mviringo, ganda la rangi ya dhahabu nje, laini ndani, na vipande vya karoti viking'aa kama shanga. Yai hilo moja lilikuwa limeushika wali wote.

Maharage nayo aliyaponda pamoja na kile kitunguu kilichochubuka, akayapaka katikati ya vipande vya mkate wa jana, kisha akavikata pembetatu. Alivikata kwa rula. Ndiyo, rula yake ya zamani ya mbao, iliyooshwa kwa maji ya moto. Maana pembetatu, alisema, ama zinalingana ama si pembetatu. Kutoka kopo tupu la siagi alikata kikuta chembamba cha kutenganisha vitu ndani ya kibakuli, ili kila chakula kikae katika nchi yake bila kumvamia jirani. Vilivyobaki vya karoti alivichonga nyota. Na sasa alikuwa amejua jambo moja zaidi: alikiacha chakula kipoe kabisa kabla ya kufunika, kisitoe jasho.

Alipokaza ukanda wa mpira alirudi nyuma hatua mbili kukitazama kibakuli, mikono nyuma, kama alivyokuwa akitazama gwaride la shule.

Alasiri kikarudi kimejaa.

Pembetatu zilikuwa zimepangana vilevile. Vidonge vilikuwa vizima. Hata nyota za karoti zilikaa mahali pake kama wanafunzi wanaongoja ukaguzi. Mwalimu akavuta kiti, akakaa, akavua miwani.

"Bibie," akasema, na hilo ndilo jina alilomwita mjukuu wake walipokuwa na mazungumzo ya watu wazima, "ni kibaya?"

"Ni kizuri, Babu." Sauti ilitoka kwenye kola. "Nyota nilizipenda."

"Hukuzila."

"Sikufungua mbele za watu. Nilifungua chooni, nikatazama, nikafunga."

"Kwa nini chooni?"

Chiriku aliuma kola. Kisha yote yakatoka mara moja, kama maji ya bomba lililokuwa limeziba.

"Wananiita Bi Kiporo! Ni Madaha aliyeanza. Alisema, 'Jana kwenu mlipika wali, nikausikia harufu napita, na leo umebeba wali, hicho ni kiporo.' Na sasa nikishika tu kibakuli wote wanaimba."

"Wanaimba nini?"

Chiriku akaimba, machozi yakimtoka, lakini kwa kufuata mdundo: "Bi Kiporo, Bi Kiporo, cha jana bado kipo!"

Vina havikuwa vibaya, Mwalimu aliona, ingawa hakusema. Madaha alimfahamu. Alikuwa binti wa mwenye duka la dawa la barabarani, mtoto aliyetembea kana kwamba ardhi imetandikwa zulia, na aliyekuja shule na hotipoti ya ghorofa mbili: chini nyama, juu keki.

"Babu, kwani ni kiporo kweli?"

"Ni kiporo kweli."

"Nikisema ni chakula kipya, kimepikwa asubuhi? Kidogo tu?"

"Uongo hauuzwi rejareja, Bibie. Nyumba hii haina."

"Basi nitakaa na njaa."

Alisema hivyo bila hasira wala deko, kama mtu anayetaja bei. Na nyuma ya maneno hayo Mwalimu aliiona Jumapili ikienda karakana, kigoda kikibaki kitupu. Aliwaza maneno, kwa sababu maneno ndiyo zana pekee alizokuwa ameziweka kwenye mafuta maisha yake yote. Na chini kabisa ya sanduku akaliona moja ambalo hakuwa amelisikia tangu bibi yake mzaa mama alipokuwa hai.

"Kiswahili," akasema polepole, "si maskini kama sisi. Kitu kimoja kina majina hata ya kubadilisha. Chakula kilicholala huitwa kiporo. Huitwa pia mwiku."

"Mwiko? Huo wa kupakulia?"

"Mwiku. Mwiko unapakua, mwiku unaliwa. Sikiliza mwisho wa neno."

"Mwiku." Chiriku alilionja. "Mwiku. Ni neno la kweli?"

"Safi kabisa. Bibi yangu alilitamka kila asubuhi akinikabidhi bakuli."

"Na mtu akiniuliza mwiku ni nini?"

"Akikuuliza, mwambie."

"Na asiponiuliza?"

Mwalimu alikuwa ghafla na shughuli nyingi na ule ukanda wa mpira.

Siku iliyofuata alimsikia mjukuu wake kabla hajamwona. Alikuwa akizungumza tangu kona ya barabara, akamsalimu muuza mboga bila kusimama, akasukuma mlango kwa bega, na kibakuli kikatua mezani kwa mlio wa kitu kitupu.

"Babu! Nilifungua mezani kabisa, mbele yao! Madaha akasema, 'Haya, Bi Kiporo katuletea nini?' Nikasema, 'Leo nimekuja na mwiku.' Nikasema taratibu, kama wewe, na shingo hivi."

"Akakuuliza mwiku ni nini?"

"Madaha haulizi kitu, Babu. Madaha anajua kila kitu. Alitazama nyota, akatazama pembetatu, akasema, 'Mh, mwiku. Sisi kwetu huwa tunakula wakija wageni.'"

Mwalimu akaondoa miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi.

"Amesema hivyo?"

"Na yule wa dawati la mbele akasema shangazi yake aliwaletea mwingine kutoka safari. Wa kukaushwa! Halafu Madaha akaniomba nimwonjeshe, kama ni sawa na wa kwao. Nikampa kidonge kimoja. Akasema wa kwao una chumvi zaidi."

Hivyo ndivyo ilivyotokea, na tuwe waadilifu: hakuna aliyemdanganya mtu. Watoto wale walidanganywa na shingo zao wenyewe, ambazo hazikuweza kuinama hata kwa kipimo cha swali moja.

Kuanzia hapo kibakuli kilirudi kitupu kila siku, kimerambwa. Mwalimu alizidi kunogewa na kazi. Viazi vya jana vilipondwa, vikawa samaki wadogo wenye jicho la pilipili-hoho. Mchicha uliobaki uliviringishwa ndani ya yai la kukaanga lililotandazwa na kukatwa vipande, kila kipande na duara la kijani ndani yake. Ganda la chungwa lilichongwa kikapu. Chiriku aliacha kulala darasani na akarudia tabia yake ya kuongea humo, hata mwalimu wa darasa akaanza kuukumbuka usingizi ule kwa huzuni. Madaha sasa alibadilishana naye waziwazi, ghorofa ya juu ya hotipoti kwa vidonge viwili, na keki ikaanza kuingia katika nyumba ile iliyokuwa imesahau ladha yake.

Kisha neno likakata kamba.

Muuza mboga ndiye aliyetoa habari, akiwa ameegemea ukuta nyuma ya meza yake, Mwalimu akichagua karoti.

"Mwalimu, wewe msomi. Mwiku ni mboga gani?"

Mkono wa Mwalimu ulisimama juu ya karoti. "Kwa nini unauliza?"

"Kuna mama kaja asubuhi, anautaka, mtoto kamlilia. Nikamwambia msimu wake bado."

"Ukamwambia msimu wake bado?"

"Sasa nimwambie sijui? Nikose mteja? Kasema amekwenda na dukani pia, mwenye duka akamwambia umeisha jana, mzigo mwingine uko njiani."

Mwalimu alicheka. Alicheka mpaka kifungo cha shingo kikafunguka chenyewe, na muuza mboga, ambaye alikuwa amemfahamu tangu akiwa mwanafunzi wake, alitazama pembeni kwa heshima, kana kwamba amemwona mzee wa watu akiwa na taulo tu. Lakini alipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimeisha. Watu wazima sasa walikuwa wakihangaika madukani kwa ajili ya neno alilolifungulia mlango. Alipaswa kulirudisha zizini. Angemwambia mtoto awaeleze wenzake kesho. Ila kesho ilikuwa karibu na mwisho wa mwezi, na kibakuli kilikuwa kitupu, na jibu la msimamizi lilikuwa halijatolewa. Akaahirisha, jambo ambalo hakuwahi kumruhusu mwanafunzi yeyote.

Jumamosi alasiri hodi ilipigwa. Mama Chiriku, aliyekuwa nyumbani kwa kuwa Jumamosi walishona nusu siku, alikwenda kufungua. Mlangoni alisimama mwenye duka la dawa, na mkononi mwake Madaha, amevaa gauni la kutembelea watu.

"Karibuni! Jamani, karibuni ndani, nyumba ndiyo hii."

"Hatukai sana, dada. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa, mama."

Mgeni aliketi ukingoni mwa kochi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na uso wa mtu anayesoma maandishi madogo kwenye chupa.

"Nimekuja na shida. Huyu binti yangu amenigomea. Nyama hataki, keki hataki. Anataka mwiku, mwiku, mwiku. Nikimuuliza ndio nini, ananiambia, 'Mama, na wewe unajua, ule tunaokula wakija wageni.' Na mimi nikaona haya, nikasema ndiyo."

Madaha alitazama dari.

"Nimezunguka maduka yote. Kila mmoja ananiambia mzigo uko njiani. Basi nikaona nije kwa wenyewe. Mwalimu, niambie ukweli, mwiku unapatikana wapi, na unapikwaje?"

Mama Chiriku alimgeukia baba yake. "Mwiku? Baba, mwiku gani tena?"

Chiriku alikuwa amekaa kwenye kigoda kilekile cha Jumapili. Alimtazama babu yake kwa macho makubwa yaliyosema yote: kwamba Madaha yuko palepale, kwamba likitoka neno lile, Jumatatu wimbo utarudi na safari hii utakuwa na ubeti wa pili, kwamba kibakuli kitafunguliwa tena chooni, na kwamba msimamizi anangoja jibu lake Jumanne asubuhi.

Mwalimu akakohoa.

"Chai," akasema. "Mgeni hajapewa chai."

"Nimetoka kunywa, Mwalimu."

"Naam." Akakohoa tena. "Neno mwiku... ni neno la zamani. Ni neno ambalo, kwa kuzingatia... yaani ukitazama asili yake..."

Angeweza kusema ni siri ya jikoni, na watu wangeheshimu. Lakini mama yule alikuwa ameuliza waziwazi, na kumwacha aondoke amepotea ulikuwa uongo, hata kama ni uongo uliochomekea shati. Upande wa pili ilikuwa Jumapili ya mtoto. Mzee yule aliyewahi kuhutubia maelfu kwenye viwanja vya shule alifungua mdomo, akaufunga, akashika kifungo cha shingo.

Chiriku hakuwahi kumwona babu yake akitafuta neno na kulikosa. Akasimama.

"Ni kiporo," akasema.

"Nini?" akauliza mwenye duka la dawa.

"Mwiku ni kiporo. Wali wa jana, maharage ya jana, mkate wa jana. Babu anavikata kwa rula. Msimuulize yeye, hajui kudanganya, atajiumiza bure."

Nje muuza mboga alisikika akimfukuza mbuzi.

Mwenye duka la dawa ndiye aliyeanza. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikapanda mabegani, kisha uso wote ule wa maandishi madogo ukavunjika, akainama akashika magoti.

"Kiporo! Mimi nimezunguka mji mzima... mzigo uko njiani... kiporo kiko njiani! Kinatoka wapi, jamani, kwa nani?" Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Na mimi nikasema ndiyo, tunakula na wageni!"

Mama Chiriku, ambaye hakuwa amejua lolote, alijitahidi kujizuia kwa ajili ya adabu, akashindwa.

Madaha peke yake hakucheka. Alikuwa akipiga hesabu ya aina fulani, midomo ikicheza.

"Kwa hiyo," akasema mwishowe kwa sauti ndogo, "siku zote zile nilikuwa nakula kiporo?"

"Ndiyo," akasema Chiriku.

"Kwa hiyo na mimi ni Bi Kiporo?"

"Wewe umenizidi. Mimi nilikuwa nakupa vile vikubwa."

Madaha alilitafakari hilo. Lilikuwa pigo, lakini alikuwa mtoto wa mfanyabiashara, na ladha ya vile vidonge bado aliikumbuka.

"Mama," akasema, "kwetu kiporo kiko wapi?"

"Kwetu hakibaki, mwanangu. Baba yako haachi kitu."

"Basi mwambie aache! Kila siku anamaliza yeye tu! Na mimi nibebe nini?"

Mgeni alikaa zaidi kuliko alivyosema. Alikunywa ile chai, tena vikombe viwili, na Mwalimu alimwonyesha yote jikoni: kijiko cha unga, kikuta cha kopo la siagi, sababu ya kupoza kabla ya kufunika. Rula hakumwazima. Wageni walipoondoka alimgeukia mjukuu wake, akasimama wima kabisa.

"Bibie, umenishinda."

"Nimekushinda nini, Babu?"

"Imla," akasema. "Mimi neno lilinikwama, wewe umelitoa bila kosa." Akaingia chumbani kubadilisha shati.

Jumatatu mtoto alikwenda shule na kibakuli. Mama Chiriku aliomba ruhusa mapema, akarudi na basi la kwanza. Alasiri waliketi wawili, baba na binti, wakitega sikio upande wa kona ya barabara. Na kona ikazungumza.

"Madaha kaniwahi!" Chiriku alikuwa akipiga kelele kabla ya mlango. "Mama, umerudi? Madaha alisimama juu ya benchi! Akasema, 'Mnajua mwiku ni nini? Hamjui! Ni kiporo, na asiyekula shauri yake.' Yule wa dawati la mbele akasema shangazi yake aliwaletea wa kukaushwa, Madaha akamwambia, 'Shangazi yako kawaletea kiporo kutoka safari?' Wote wakaanguka kwa kicheko! Na sasa Madaha anataka mimi na yeye tufungue pamoja, tuone nani kaja na mwiku mzuri. Wake ulikuwa umevunjika. Mama yake hakutia unga."

Kibakuli kilitua mezani. Mama Chiriku alifungua kifuniko, akatazama ndani, akakipindua chini juu. Hakikudondoka hata chembe ya wali. Akakifunga taratibu, akaupitisha ule ukanda wa mpira.

"Kesho nitamwambia msimamizi amtafute mtu mwingine," akasema.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, kigoda kilikuwa mahali pake na kitana kilikuwa kazini. Chiriku alikuwa amefika katika habari za siku ya Jumatano, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya mama yake, uso umeelekezwa ukutani. Mwalimu alibaki peke yake mezani. Chini ya sufuria palikuwa na wali wa kutosha kidonge kimoja au viwili, pamoja na ukoko mwembamba, na mzee yule alikuwa amelelewa, na amelea wengine, katika kanuni kwamba chombo kisirudi na kitu. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Akanyoosha mkono, akachukua mwiko, akakwangua kidogo tu, kwa upole, pembeni.

Maneno ya Jumatano yakakatika.

"Babu!" Chiriku hakuweza kugeuza kichwa, lakini sauti iligeuka. "Nakusikia! Weka chini! Huo ni mwiku wangu wa kesho, na mwiku ni mwiko!"

Mwalimu alilipima neno lile kwa ukali wake wote, kama alivyokuwa akipima majibu ya mitihani, akitafuta kosa. Hakulipata. Akaweka mwiko chini, akaifunika sufuria.